Mashine pepe inasuasua: mchunguze mwenyeji kabla ya kumlaumu mgeni

"Mashine pepe yangu ni nzito." Hapa Dodoma utaisikia sentensi hiyo kwa wanafunzi wa CIVE, chuo cha TEHAMA pale UDOM, waliopanga Ng'ong'ona, utaisikia kwa maofisa TEHAMA wa ofisi za serikali zilizohamia Mtumba, na utaisikia kwa kijana anayejifundisha Linux nyumbani Nkuhungu kwa bando la simu. Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, inayoishi ndani ya kompyuta halisi. Lakini uzito wenyewe si wa aina moja. Upo wa diski, upo wa RAM, upo wa prosesa iliyopunguziwa kasi na joto au na chaja, na upo ule wa Windows iliyokalia nafasi ambayo VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, iliihitaji. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Ndiyo maana tabia ya kuongeza RAM kwa kila ugonjwa imeharibu mashine nyingi kuliko ilizoponya.

Humu mwenyeji ni laptopu au sava yenyewe, unayoweza kuishika. Mgeni ni mfumo endeshi unaoishi ndani ya mashine pepe. Mifano mingi ni ya VirtualBox juu ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa watu wengi. VMware na KVM, programu nyingine za kazi hiyohiyo, nitazitaja pale zinapotofautiana. Na kabla hujagusa chochote: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na mashine ikapona, hujui kilichoiponya. Ikifa, hujui kilichoiua.

Haiwaki kabisa, au orodha inaonyesha mifumo ya biti 32 tu

Ujumbe wa kosa utakuwa na maandishi `VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED` kama prosesa ni ya Intel, au `VERR_SVM_DISABLED` kama ni ya AMD. Pengine hutaona ujumbe wowote, ila unapotengeneza mashine mpya unakuta Ubuntu ya biti 64 haimo kwenye orodha.

Hapo karibu kila mara uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya awali ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Kwa Intel uwezo huo unaitwa VT-x, kwa AMD unaitwa AMD-V. Zamani VirtualBox iliweza kujikongoja bila huo, lakini toleo la 6.1, lililotoka Desemba 2019, liliifuta njia hiyo. Video ya mafunzo inayokwambia uupuuze ni ya zamani, achana nayo.

Hakikisha kwanza. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, ingia "Performance", kisha "CPU", usome mstari wa "Virtualization". Ukikuta "Disabled", zima laptopu, uiwashe huku ukigongagonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad nyingi. Kwenye HP za ofisini utakwenda "Advanced", kisha "System Options", uweke tiki kwenye "Virtualization Technology (VTx)". Bodi nyingi za AMD huliita jambo hilohilo "SVM Mode". Hifadhi, zima kabisa, subiri kidogo ndipo uwashe. Zipo laptopu ambazo kuwasha upya peke yake hakutoshi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unao ufunguo wa dharura mkononi kabla hujaigusa BIOS, maana mabadiliko ya huko huweza kuifanya Windows ikuulize ufunguo huo wenye tarakimu 48, na si wakati mzuri wa kuanza kukumbuka ulikoandika.

Kwa laptopu za mtumba kuna kisiki kingine. EliteBook, Latitude na ThinkPad nyingi zinazouzwa mjini zilikuwa mali ya kampuni huko nje, na baadhi zimekuja na nywila ya BIOS iliyowekwa na ofisi ya kwanza. Utaingia, utaona sehemu ya VT-x, lakini imefifia, haibadiliki. Kutoa betri ndogo ya ubao hakusaidii kwa laptopu za daraja hilo, kwa sababu nywila haikai kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri hiyo. Kwa hiyo ukaguzi ni dukani, kabla ya kulipa: ingia BIOS mbele ya muuzaji, zima VT-x, iwashe tena, hifadhi. Akikwambia "hiyo haina shida, kaka, utarekebisha tu nyumbani", mwambie airekebishe yeye hapohapo.

Kama Task Manager inasema "Enabled" na bado VirtualBox inakataa kwa `VERR_VMX_NO_VMX`, BIOS haina kosa. Soma sehemu inayofuata.

Kobe wa kijani

Iwashe mashine pepe, kisha tazama kona ya chini kulia ya dirisha lake, kwenye safu ya alama ndogondogo. Ukiona kobe wa kijani, mgeni anaenda kwa njia ya mzunguko. Windows imewasha Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, na kuishika VT-x, hivyo VirtualBox inalazimika kupita juu ya Hyper-V badala ya kuifikia prosesa moja kwa moja. Mgeni anafanya kazi, lakini kila kitu kinaburuta, na mara nyingine kinaganda bila sababu inayoonekana. Uthibitisho umo kwenye faili la `VBox.log`, ndani ya folda ya "Logs" ya mashine hiyo: tafuta mstari wenye maneno `Attempting fall back to NEM`.

Watu wengi hushangaa: "Mimi sijawahi kuwasha Hyper-V." Si lazima uiwashe kwa jina lake. WSL2 huiwasha. Docker Desktop, programu ya kuendesha kontena, inapotegemea WSL2 huiwasha. Kinga ya Windows 11 iitwayo "Memory integrity", iliyo chini ya "Core isolation", nayo huiwasha, na laptopu nyingi mpya huja nayo imeshawashwa kiwandani.

Kuiondoa kuna ngazi. Anza kwa kuzima "Memory integrity". Kisha kwenye "Turn Windows features on or off" toa tiki kwenye "Hyper-V", "Virtual Machine Platform" na "Windows Hypervisor Platform". Washa upya. Kobe akibaki, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

`bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`

Washa upya tena. Kurudisha ilivyokuwa, andika amri hiyohiyo na `auto` mahali pa `off`.

Sasa kuna gharama. WSL2 na Docker zitakoma kufanya kazi mpaka urudishe. Na "Memory integrity" ni kinga ya kweli: kama laptopu ni ya ofisi, kuizima si uamuzi wako peke yako, mwone kwanza mkuu wa kitengo cha TEHAMA. Maoni yangu: anayetumia Docker kila siku asihangaike kumfukuza kobe. Kama ana Windows Pro, aitumie Hyper-V yenyewe na aiache VirtualBox. Kuwasha na kuzima kila asubuhi kunachosha, na siku moja utasahau uliiacha katika hali gani.

Inawaka, lakini kila kitu kinachukua dakika nzima

Hapa ndipo penye wagonjwa wengi. Mgeni anawaka kwa dakika nyingi, ukibofya kivinjari unakwenda kunywa maji, na hata kipanya cha mwenyeji kinaanza kurukaruka.

Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, nimeiongezea mpaka GB 6 na bado. Imezidi hata."

"Laptopu yenyewe ina ngapi?"

"Nane."

"Sasa Windows umeiachia ngapi, mdogo wangu?"

GB 2. Na Windows 11 yenye kivinjari chenye vichupo vichache inataka GB 3 hadi 4 ili ipumue. Inapokosa, inaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski, na diski hiyohiyo ndiyo inayombeba mgeni. Wote wawili wanangojea mlango mmoja. Kila GB uliyompa mgeni umemnyang'anya mwenyeji, na kwa kawaida VirtualBox hairudishi: kumbukumbu ambayo mgeni ameshaigusa inabaki imeshikiliwa mpaka azimwe.

Kwa mwenyeji wa GB 8, mpe mgeni GB 2 hadi 3 na uchague mgeni anayetosha hapo. Ubuntu Server isiyo na madirisha inakaa vizuri kwenye GB 2, na kwa somo la mitandao au hifadhidata huhitaji zaidi. Ukitaka madirisha, Lubuntu au Xubuntu zitakutendea haki kuliko Ubuntu ya kawaida. Windows 10 ya biti 64 kwa maandishi ya kiwandani inaanzia GB 2, lakini hiyo ni ya kuwaka tu, si ya kufanyia kazi. Windows 11 ndani ya laptopu ya GB 8? Usijisumbue.

Lakini kabla ya RAM, itazame diski. Mimi huanza na diski siku zote, na kwa laptopu za mtumba mara nyingi safari inaishia hapo. Fungua Task Manager ya mwenyeji mgeni akiwa anasuasua, nenda "Performance", chagua diski. Kuna mambo mawili ya kusoma: "Active time" na "Average response time". Cha kwanza kikiwa 100% na cha pili kikicheza kwenye mamia ya milisekunde, umeshampata mchawi. Prosesa hapo utaikuta kwenye asilimia kumi na kitu, haina kazi, inasubiri.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Diski ya kuzunguka ya laptopu hukimbia mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa chake lazima kisogee kimwili kutoka jambo moja hadi jingine. Kwa usomaji wa kurukaruka haifikishi hata mara 100 kwa sekunde. Mfumo endeshi mmoja tayari unaichosha. Ukiweka wa pili juu yake, kichwa kinabaki kukimbizana huku na huku. SSD ya kawaida kabisa ya SATA haina kichwa cha kusogeza, na usomaji huohuo inaufanya mara maelfu mengi kwa sekunde. Hakuna mpangilio wa VirtualBox utakaoziba pengo hilo. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, kati ya RAM na SSD, na laptopu yake bado ina diski ya kuzunguka, anunue SSD.

Kuna walio na SSD na bado diski inagonga 100%. Washukiwa wa kuchunguza ni hawa:

Kinga ya virusi inayolichungulia faili la mashine pepe kila linapoandikwa. Kwenye Windows Security, chini ya "Exclusions", ongeza folda ya mashine pepe. Maana yake kinga haitaangalia humo, basi usihifadhi humo mafaili uliyookota kwenye flashi za watu.

OneDrive. VMware Workstation kwenye Windows huweka mashine zake ndani ya "Documents", kwenye folda ya "Virtual Machines". Kama OneDrive inahifadhi "Documents", itajaribu kulipakia winguni faili la GB 20 kila mgeni anapoandika herufi. Diski inachoka, na bando la mwezi linayeyuka kabla ya adhuhuri. Hamishia mashine pepe kwenye folda iliyo nje ya OneDrive. VirtualBox kwa kawaida haina tatizo hili, folda yake iko kando.

Flashi na diski za nje. Mashine pepe iliyo kwenye diski ya USB 2.0 itaburuta hata kama diski yenyewe ni nzuri. Na flashi iliyopangwa kwa FAT32 haiwezi kubeba faili linalozidi GB 4. Mgeni atakwenda vizuri mpaka faili lake lifike hapo, kisha asimame ghafla katikati ya kazi. Ipange kwa NTFS au exFAT.

Snapshoti, yaani hali ya mashine uliyoihifadhi ili uweze kuirudia. Kila snapshoti inaongeza faili jipya juu ya la zamani, na usomaji mmoja huenda ukapita kwenye mnyororo wote. Anayechukua snapshoti kila jioni na hafuti hata moja anajijengea uzito mwenyewe, tena anajaza diski. Zifute kupitia VirtualBox, kamwe si kwa kuingia folda ya "Snapshots" na kufuta mafaili kwa mkono; ukifuta kiungo cha katikati, kila kilichoandikwa baada yake kimepotea. Na uwe na nafasi ya ziada kabla ya kuanza, kwa sababu kuunganisha snapshoti kunahitaji nafasi. Mashine iliyojisimamisha yenyewe na kuandika `DrvVD_DISKFULL` inakwambia diski ya mwenyeji imejaa: toa vitu kwa mwenyeji, kisha uendelee, mgeni hajapoteza kitu.

Prosesa: viini, chaja na vumbi

Ukimpa mgeni viini vyote vya prosesa, mwenyeji atakosa pa kusimama. EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U ina viini halisi 2 ingawa Windows inahesabu 4. Mpe mgeni 2 na usizidishe. VirtualBox yenyewe inakuonyesha kwa rangi: kitelezi kikiingia kwenye nyekundu, rudi.

Sasa dalili inayowachanganya wengi: jana mashine pepe ilikuwa nzuri, leo inaburuta, na hakuna kilichobadilishwa. Tazama Task Manager, "CPU", usome "Speed". Prosesa ya GHz 2.4 ikisimama chini ya GHz 1 na haipandi hata ukiielemea, tatizo halimo ndani ya VirtualBox. Anza na chaja. Laptopu za Dell huitambua chaja yake, na zikikuta ambayo haijitambulishi hupunguza kasi ya prosesa na kukataa kuchaji betri; wakati wa kuwaka zitaandika kwamba aina ya chaja haijulikani. Azima chaja halisi ya mtu, uchomeke, utazame "Speed" ikipanda. Jaribio hilo halina gharama.

Kama chaja ni nzuri, mshuku ni joto. Dodoma ni nchi kavu, na kuanzia Juni hadi mvua za Desemba upepo unabeba vumbi jekundu mpaka ndani ya nyumba zilizofungwa. Linapita kwenye feni, linakwama kwenye mapezi ya shaba, linajenga blanketi. Laptopu inafungua mashine pepe, dakika kadhaa feni inalia kama inataka kuruka, kisha kasi inashuka. Oktoba mchana ni mbaya zaidi. Ifungue, au mpelekee fundi. Pangusa mapezi kwa brashi, na ukipuliza hewa shika feni isizunguke. Asiyejua kufungua aweke angalau kitu kigumu chini ya laptopu, si kitanda, si mto.

Kwa wanaotumia KVM kwenye sava ya ofisi au sava ya kukodi: ndani ya mgeni andika `top` na usome herufi `st` kwenye mstari wa prosesa. Ikiwa juu muda wote, wageni wengine waliomo kwenye sava hiyo wanakula zamu yako, na hakuna utakachorekebisha ukiwa ndani. Ikiwa `wa` ndiyo iko juu, ni diski. Na kama mgeni wa KVM ni Windows, hakikisha diski na kadi yake ya mtandao zinatumia virtio, vifaa vilivyobuniwa kwa mashine pepe, siyo vifaa vya kuigiza vya kizamani kama IDE.

Usakinishaji unakatika njiani

`FATAL: No bootable medium found!` inamaanisha hujamwekea mgeni faili la ISO, yaani nakala ya diski ya kusakinishia mfumo, au umeliweka kwenye mashine nyingine. Rahisi.

Usakinishaji unaokwama kwenye asilimia ileile kila mara, au unaolalamika faili fulani halisomeki, mara nyingi ni ISO iliyoharibika. ISO zetu zinasafiri: zinapakuliwa kwa hotspoti inayokatika, zinahamishwa flashi hadi flashi bwenini. Kabla ya kujaribu tena, pima kwa Command Prompt:

`certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256`

Linganisha mfuatano utakaopata na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya waliotengeneza mfumo huo. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Windows 11 ikikwambia kompyuta haikidhi masharti, mgeni hana TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili ambazo Windows 11 inazidai. VirtualBox iliviongeza kuanzia toleo la 7.0 la Oktoba 2022. Kama bado uko 6.1, pandisha toleo. Inataka pia viini 2, GB 4 za RAM na diski ya GB 64.

Mtandao: mgeni hana intaneti, au wageni wawili hawaonani

Iache NAT ilivyo kama huna sababu ya kuiondoa; ni njia ambayo mgeni hutoka mtandaoni kupitia kwa mwenyeji. Kwa NAT mgeni hupata anwani 10.0.2.15 na lango lake ni 10.0.2.2; kwa nje anaonekana kama laptopu yako. Ukichagua "Bridged", anaonekana kama kifaa kipya chenye anwani yake mwenyewe, na Wi-Fi nyingi za chuo, hoteli na ofisi zinazodai kuingia kwa jina na nywila hazitampokea. Mwanafunzi anakaa nusu siku akitafuta kosa ndani ya Ubuntu ilhali ni mlango wa Wi-Fi uliomkatalia.

Ndani ya mgeni, jaribu `ping 8.8.8.8`. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: hutokea sana pale ulipoihifadhi mashine ikiwa chuoni ukaifungua nyumbani kwenye hotspoti. Zima na uwashe mtandao wa mgeni.

Somo la sava na mteja lina mtego wake. Wageni wawili kwenye NAT ya kawaida wote wanaitwa 10.0.2.15 na hawawezi kuonana, kila mmoja yuko kwenye chumba chake. Wahamishie kwenye "NAT Network", au "Host-only" kama hawahitaji intaneti. Kama ulizalisha wa pili kwa kunakili wa kwanza, chagua kutengeneza anwani mpya za MAC, yaani vitambulisho vya kadi ya mtandao. Na hata hapo Ubuntu Server mbili zilizonakiliwa huweza kupewa IP moja, kwa sababu zinajitambulisha kwa kitambulisho cha mashine kilekile. Kwenye nakala andika `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id` kisha uwashe upya, itajitengenezea kingine.

Tukiwa hapo hapo kwenye mtandao: mgeni wa Windows aliye kwenye NAT anaamini yuko kwenye waya wa mtandao. Hajui kwamba mwenyeji amejiunga na simu yako kwa bando la siku, kwa hiyo atapakua masasisho yake bila haya. Ingia mipangilio ya mtandao ya mgeni mwenyewe uiwekee alama ya "Metered connection".

Skrini ndogo isiyopanuka

Guest Additions, viendeshi vya VirtualBox vinavyowekwa ndani ya mgeni, hazijawekwa, au ziliwekwa zikashindwa kimyakimya. Kwa Ubuntu, tanguliza `sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)`, ndipo uziweke na uwashe upya. Folda ya pamoja ikikataa kufunguka, `sudo usermod -aG vboxsf $USER`, toka na uingie tena. Skrini ikiwa nyeusi baada ya hapo, zima "3D Acceleration".

Mwenyeji akiwa Linux

`Kernel driver not installed (rc=-1908)` hutokea baada ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kusasishwa. Endesha `sudo /sbin/vboxconfig`. Ikishindwa, mara nyingi Secure Boot imewashwa na moduli haijatiwa sahihi: wakati wa usakinishaji uliulizwa nywila, na kompyuta ilipowaka ilikuja skrini ya buluu ya "Enroll MOK" ambayo wengi huipita kwa haraka wakidhani ni hitilafu. Rudia, na safari hii ichague.

Tangu kerneli ya 6.12 huweza kutokea kosa jingine, `VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE`. KVM ya Linux sasa inaishika VT-x mara tu moduli yake inapopakiwa. `sudo modprobe -r kvm_intel` inaiachilia mpaka utakapowasha tena. Kwa kudumu, ongeza `kvm.enable_virt_at_load=0` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli.

Umeme umekatika mgeni akiwa kazini

Laptopu yenye betri nzima haijali. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS inajali sana, na mgeni anaumia mara mbili: mafaili yake ya ndani, na mafaili ya VirtualBox yanayomwelezea.

Mgeni wa Linux akiwaka na kuishia kwenye maandishi `(initramfs)`, soma mistari iliyo juu yake. Itataja sehemu ya diski yenye kasoro, tuseme `/dev/sda2`. Andika `fsck -y /dev/sda2`, ikimaliza andika `exit`.

Kinachotisha zaidi ni pale VirtualBox inapoiandika mashine yenyewe "Inaccessible". Watu huifuta hapo, wakidhani kila kitu kimekwenda, na wakikubali kufuta mafaili yote ndipo kinapokwenda kweli. Usibofye "Remove". Funga VirtualBox, nenda kwenye folda ya mashine hiyo. Utaona faili kubwa la `.vdi`, ambalo ndiyo diski ya mgeni na kwa kawaida lipo salama. Pembeni yake kuna faili dogo la `.vbox`, lenye maelezo ya mashine. Litazame ukubwa, mara nyingi utalikuta na baiti 0. Jirani yake kuna jingine lenye jina lilelile linaloishia `.vbox-prev`, nakala ya mwisho iliyokuwa nzima. Nakili folda yote mahali pengine kwanza. Kisha lipe `.vbox` iliyoharibika jina jingine, nakili `.vbox-prev`, na hiyo nakala uiite `.vbox`. Fungua VirtualBox.